Bia ya pasheni na ile harufu iliyofanya nifukuzwe jikoni

Kuna harufu moja ukishaisikia ndani ya nyumba yako mwenyewe huisahau. Sio ya kitu kilichooza, sio ya choo, ni ile ya mtoto mchanga aliyecheua maziwa halafu kitambaa kikasahaulika kwenye begi siku tatu. Sasa chukua hiyo harufu, iweke kwenye sufuria ya lita 30, ifunike na mablanketi ikae kwenye joto siku mbili, halafu fungua mfuniko saa kumi na mbili asubuhi mke wako akiwa ndo anaingia jikoni kutafuta kahawa. Hakusema kitu. Alifungua dirisha, na ilikuwa mwezi wa kwanza, Berlin, nje baridi inakata masikio, akaliacha wazi akarudi chumbani.

Hiyo ilikuwa bia yangu ya pili ya uchachu. Ya kwanza nayo iliharibika lakini kistaarabu, nitaieleza. Ya tatu ndo hii ya pasheni ambayo hata wale washkaji wangu wa lager tu, wanaoangalia chupa isiyo na nembo kama vile nimewapa sumu, waliomba ya pili. Watu wananiuliza nilifanyaje nikaona niandike yote mara moja, hasa ile sehemu ya kuchachusha kwa bakteria, maana ndo inayoogopwa kuliko zote na ndo mimi niliyoikosea mara mbili.

Kwa ambao hawajawahi kupika bia nyumbani niwaweke sawa kidogo. Unachukua kimea cha shayiri au ngano kilichopasuliwa pasuliwa, unakiloweka kwenye maji ya nyuzi 65 hivi kwa saa nzima, vimeng'enya vilivyomo kwenye kimea vinageuza wanga kuwa sukari, unachuja, unabaki na maji matamu yanayonata vidoleni. Hayo maji wapikaji wanayaita woti. Kama umewahi kumuona mtu anapika togwa, uji mzito wa mahindi unatiwa unga wa kimea cha ulezi halafu ghafla unalegea, mwiko unazunguka wenyewe, na ukionja unakuta umeanza utamu, basi umeshaona kitu kilekile, tofauti ni kwamba huku makapi tunachuja na kule tunakunywa nayo. Bia ya kawaida ukishapata woti unaichemsha na hopsi, yale maua machungu ya bia, ili ipate uchungu, unaipoza, unatia hamira, basi. Bia chachu unaingiza hatua moja katikati: kabla ya hopsi na kabla ya hamira unaipoza woti mpaka uvuguvugu, unawaachia bakteria wa asidi ya maziwa waile sukari kidogo kwa siku moja au mbili, ikishachachuka kiasi unachotaka unaichemsha tena ili uwaue wote, ndo unaendelea na hopsi na hamira kama kawaida. Uzuri wa njia hii ni kwamba bakteria wanafia sufuriani, hawafiki kwenye ndoo na mipira yako ya plastiki, kwa hiyo bia yako nyingine ya wiki ijayo haichachuki bila kuombwa.

Mji wenyewe ninaoishi una historia na haya mambo. Kuna bia inaitwa Berliner Weisse, ya ngano, nyepesi, kileo asilimia 3 hivi, chachu kama maji ya ndimu, na watu wengi huku wanainywa imetiwa sharubati nyekundu ya rasiberi au ya kijani ya majani fulani ya porini, kwenye glasi pana kama bakuli. Mara ya kwanza kuiona ya kijani nilidhani ni dawa ya kuoshea kinywa. Nakaa mtaa wa Wedding, na tramu ninayopanda kwenda kazini inapita Seestraße, pale kwenye majengo ya zamani ya matofali ambako kulikuwa na taasisi ya uchachushaji chini ya Max Delbrück, mtaalamu wa bia aliyefariki 1919. Jina lake ndo limo kwenye bakteria anayeitwa Lactobacillus delbrueckii. Msimchanganye na yule Max Delbrück aliyepata Nobel 1969, yule ni mtoto wa kaka yake. Nilipita pale miaka mitatu nikiangalia simu bila kujua kwamba bakteria wa mtindi niliokuwa nakula kila asubuhi wamebeba jina la mzee wa mtaani kwangu.

Na mtindi ndo ulikuwa kosa la kwanza. Nilijiambia bakteria si bakteria, mtindi una laktobasila, yaani haohao bakteria wa asidi ya maziwa, nikachota vijiko vinne nikavimimina kwenye woti ya nyuzi 40, nikafunika, nikasubiri. Siku ya kwanza tamu. Siku ya pili tamu. Siku ya tatu ikawa na kauchachu ka mbali sana, unakahisi kama ukiambiwa kapo. Baadaye ndo nikaja kuelewa kwamba wale wa mtindi wamezoea sukari ya maziwa, na woti sukari yake kubwa ni maltosi, ambayo wengi wao hawaiwezi. Ni sawa na kumkaribisha mtu aliyelelewa kwa ndizi halafu umpe ugali wa muhogo, atakula kwa adabu vijiko viwili aseme nimeshiba. Niliichemsha, nikatia hamira, ikatoka bia ya ngano ya kawaida isiyo na kichwa wala miguu. Tuliinywa hivyohivyo.

Ya pili nikasoma kidogo, na kusoma kidogo ni hatari kuliko kutosoma. Nikakuta kwamba punje za kimea zenyewe, zile mbichi ambazo hazijapikwa, zimejaa laktobasila kwenye maganda. Kweli zimejaa. Unachukua konzi moja au mbili unazitupa kwenye woti iliyopoa, wenyewe wanaamka. Nikafanya hivyo, nikafunga mablanketi mawili na mfuko wa kulalia, nikalala usingizi mzuri wa mtu aliyepata kitu cha bure. Kilichotokea asubuhi ya siku ya pili nimeshakieleza pale juu.

Ile harufu ya matapishi ni asidi inaitwa butiriki. Anayeitengeneza ni ukoo wa bakteria waitwao Clostridium, na hawa jamaa wana mbegu ngumu ambazo hata kuchemsha hakuzisumbui, tena wanapenda sehemu isiyo na hewa, kwa hiyo ule utaratibu wangu wote wa kufunika vizuri na kubana nailoni ulikuwa ni kuwatandikia kitanda. Kuna na harufu nyingine ya soksi au jibini kali, hiyo ni asidi tofauti na wanaoileta ni wengine, wengi wao wanaopenda hewa. Mimi sufuria yangu nadhani ilikuwa na zote mbili, lakini sikukaa pale kuchambua. Lita 20 zikaenda chooni, ndoo baada ya ndoo, na choo chenyewe kikanuka mpaka Jumapili.

Sasa mke wangu ni Mngoni wa Songea, mimi Mchaga, na utani nyumbani kwetu hauishi. Jioni ile nilikuwa nimekaa mezani namweleza kwa masikitiko, kwamba nilisafisha kila kitu, nilichemsha, joto lilikuwa sawa, sielewi. Akaniacha nimalize. Halafu akasema:

"Wewe unajua ndizi tu. Mama akipika togwa anatia kwanza kikombe cha ile ya juzi. Wewe umeacha mlango wazi umekaa unasubiri wageni, kaingia mwizi unashangaa?"

Nikamwambia lakini kwenye kimea bakteria wazuri wapo, wapo wengi kabisa. Akasema na wabaya je, hawapo? Nikanyamaza. Akaongeza kwamba mama yake akikuta kile kikombe kimeisha anaenda kuomba kwa jirani, haanzi hivihivi, na kwamba togwa iliyoanzishwa bila kikombe wakati mwingine inatoka nzuri na wakati mwingine wanapewa kuku.

Nimekaa na hayo maneno wiki nzima, kwa sababu mimi nilikuwa nakifikiria kile kikombe kama mbegu tu, kama hamira, kwamba unaongeza idadi ya bakteria wazuri kazi iende haraka. Ni kweli, lakini ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba kile kikombe chenyewe ni kichachu. Ukikitia kwenye uji unaushusha uji mzima kuelekea uchachu tangu dakika ya kwanza, kabla bakteria yeyote hajafanya kazi. Na wale wezi, Clostridium na wenzake, hawapendi uchachu, wakati laktobasila hauwasumbui kabisa. Hatari ya kuchachusha kumbe haipo katikati wala mwisho. Ipo kwenye yale masaa machache ya mwanzo, woti ikiwa tamu, vuguvugu, haina hopsi, haina asidi, haina mwenyewe. Anayewahi ndo anachukua nyumba.

Wapikaji bia wa nyumbani wanalifanya hilohilo kwa chupa ya asidi. Woti ikishapoa, kabla ya kutia bakteria, unadondoshea asidi ya maziwa ya chakula mpaka pH, kile kipimo cha uchachu ambacho namba ikishuka uchachu umepanda, ishuke kutoka 5.3 au 5.4 mpaka 4.5 hivi. Hapo Clostridium anakuwa hana kazi, laktobasila anaanza kama yuko kwao. Nasikia watu wanaruka hii hatua wakisema wameipika mara kumi bila shida. Sawa. Na mimi naijua barabara moja watu wanavuka bila kuangalia kila siku. Faida nyingine ya hiyo 4.5, ambayo nimeiona kwa macho yangu, ni povu: bia ya tatu ilikaa na povu, wakati ile ya kwanza povu lilikuwa linakufa kama la soda, kwa sababu bakteria wengine na vimeng'enya vyao wanakula protini zinazoshika povu na asidi inawapunguzia kasi.

Haya, ya tatu sasa, nitoe na namba kabisa.

Kimea kilo 4, nusu ngano nusu shayiri nyeupe, nikaloweka kwa nyuzi 66 saa nzima, nikachuja nikapata lita 20 na ushee. Hidromita, kile kipimo cha kuonyesha sukari iliyomo, ilisoma 1.043. Maji ya hapa Berlin ni magumu, chokaa tupu, birika la chai linaota magamba ndani ya wiki, kwa hiyo nilichanganya na maji ya dukani yasiyo na madini mengi nusu kwa nusu, ila kwa bia chachu sidhani kama unahitaji kuhangaika sana na hilo. Nikachemsha dakika 15 tu ili kuua walioingia na kimea. Hapa narudia maana kuna mshkaji aliniuliza mara mbili: hopsi HAPANA. Hata kidogo hapana. Ule uchungu wa hopsi ndo unaozuia laktobasila, ndo sababu moja bia za kawaida hazichachuki ovyo, kwa hiyo ukitia hopsi mapema umewaalika wageni halafu umewafungia mbwa mlangoni. Hopsi zinakuja mwishoni bakteria wakishamaliza. Kwetu Kilimanjaro mbege tunaitia uchungu wa gome la msesewe, na nimejikuta nawaza kama nalo linafanya hivyohivyo, ila hilo nitalijaribu siku nyingine nikipata gome.

Nikapoza mpaka nyuzi 36. Nikadondosha asidi, mililita 2, koroga, pima, mililita 2 tena, mpaka 4.5. Zilienda kama mililita 15 za ile ya asilimia 80 lakini usinakili hiyo namba, inategemea maji yako na kimea chako, pima mwenyewe. Na ukipima nunua pH mita, hata ya bei rahisi, uisawazishe na vile vimaji viwili vya 4 na 7 kila siku ya kazi. Zile karatasi za rangi nilianza nazo, woti yenyewe ni ya kahawia, karatasi inatoka kahawia, unabaki unageuza kwenye taa kama mtu anayekagua noti. Halafu poza sampuli kwanza kabla ya kupima, kichwa cha mita hakipendi moto.

Bakteria nilitumia vidonge vya tumbo vya duka la dawa. Usicheke. Kuna vidonge vinauzwa vyenye aina moja tu ndani yake, Lactobacillus plantarum, na huyu ndo haswa tunayemtaka: anakula maltosi bila shida, anapenda nyuzi 30 mpaka 37, hata jikoni kukipoa kidogo hasusi. Soma pakiti vizuri, ikiwa na orodha ya aina kumi na mbili iache. Tangu 2020 wanasayansi wameupasua ukoo wa Lactobacillus vipande vipande na huyu sasa anaitwa Lactiplantibacillus plantarum, jina ambalo sitalitamka tena. Kilichonifurahisha ni kwamba watafiti wakipima togwa ya kwetu ndo huyohuyo wanayemkuta humo. Yaani nimekwenda duka la dawa la Wajerumani kununua kwa yuro kadhaa kitu ambacho mama mkwe anakiacha chini ya kikombe.

Siku mbili kabla nilikuwa nimefungua vidonge vitano nikamwaga unga wake kwenye lita moja ya woti nyepesi isiyo na hopsi, kwenye chupa, nikaiweka juu ya hita ya chumbani. Ilipofika siku ya kupika ilikuwa imegeuka ukungu mweupe, inanuka kama mtindi na tufaha bichi. Hicho ndo kikombe changu cha juzi. Nikakimimina, nikatandaza nailoni ya jikoni juu ya woti ikagusa uso wake kabisa isibaki nafasi ya hewa (Clostridium safari hii ameshazuiwa na asidi, hewa nawanyima wale wa soksi), mfuniko juu, mablanketi, mfuko wa kulalia, na safari hii mkanda wa joto umefungwa kiunoni mwa sufuria maana hita yetu usiku inazimwa.

Saa 12 baadaye 4.1. Saa 24, 3.7. Kila nikifungua naingiza pua kwanza kwa woga, halafu mita. Ilikuwa inanuka vizuri jamani, kama unga wa ngano uliolowekwa kwa ajili ya maandazi. Mke wangu naye akaja akanusa akiwa mlangoni kwa mbali, akasema "leo hujaleta mwizi", akaenda zake.

Sasa hapa kuna kitu ambacho nilikikosea hata hiyo mara ya tatu na watu wengi wanakosea. Nilikuwa nimeambiwa bia chachu nzuri inaishia 3.2 au 3.3, kwa hiyo nikasubiri mpaka saa 36, ikafika 3.3, nikachemsha kwa furaha. Nikasahau kwamba natia pasheni. Pasheni lenyewe ni asidi tupu, ukinywa juisi yake bila sukari unafumba jicho moja. Kwa hiyo uchachu wa bakteria ukakutana na uchachu wa tunda. Na cha ajabu ni kwamba mita haikuonyesha tofauti kubwa, ilishuka kidogo sana, lakini mdomoni ilikuwa kitu kingine kabisa, taya zinabana. Mita inasoma ukali wa asidi, haikuhesabii wingi wake, na ulimi unajali wingi. Kwa hiyo kama unatumia pasheni, ukwaju au ndimu, simamisha bakteria mapema, 3.5 inatosha, tunda litamalizia. Kama unatumia embe au peasi ambazo ni tamu tu, hapo nenda mpaka 3.3 kwa amani. Hili nimelifanya kwenye ya nne na tofauti ni kubwa mno.

Tuendelee. Nikachemsha dakika 20, hopsi gramu 10 tu za kutia adabu, nikapoza mpaka nyuzi 19 nikahamishia kwenye ndoo. Hamira kwenye woti chachu inapata taabu, ni kama kumuamsha mtu kwa kumwagia maji ya baridi, kwa hiyo pakiti mbili badala ya moja na nikazilainisha kwanza kwenye maji ya vuguvugu, sikuzimwaga kavu. Ilichukua siku mbili ndo kadude ka kutolea gesi kaanze kutoa mapovu. Usikate tamaa siku ya kwanza, usianze kufunguafungua.

Siku ya tisa ikatulia, ndo pasheni likaingia. Nilitumia kilo 2 za rojo ya pasheni isiyo na sukari, ile ya kugandishwa ya duka la Wabrazil, kwa sababu matunda yenyewe huku yanauzwa moja moja kama vito, ukitaka kilo mbili za rojo utauza gari. Kugandisha hakuui vijidudu, vinalala tu, kwa hiyo niliipasha rojo mpaka nyuzi 75 nikaishikilia hapo dakika kumi, nikaipoza, nikamimina. Tunda likiingia baada ya hamira kumaliza kazi kubwa harufu yake inabaki. Ukitia mwanzoni gesi inaibeba yote inaenda dirishani, nyumba inanukia vizuri na bia inabaki bubu.

Na hapa naomba msikie vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote. Tunda ni sukari. Hamira inaamka upya. Mwaka juzi kwenye bia ya embe, isiyo hata ya uchachu, nilipima siku ya nne nikaona imetulia nikajaza chupa, na chupa tatu zilipasuka kwenye stoo ya chini, jirani wa ghorofa ya kwanza, mzee wa watu, akadhani ni baruti za mwaka mpya zimewahi. Kioo kilikuwa kimeingia kwenye mbao. Tangu hapo napima hidromita, nasubiri siku tatu, napima tena, namba ikiwa ileile ndo nasogea. Hii ya pasheni ilisimama 1.007 baada ya siku kumi. Sukari ya kwenye chupa gramu 7 kwa lita, na chupa zile nene za kizibo cha waya.

Wiki tatu baadaye tukafungua. Rangi ya jua la saa kumi na moja, povu jeupe, na harufu inakufikia kabla ya glasi. Uchachu umezidi kama nilivyosema, mimi nilijua, lakini walioinywa bila kujua hadithi walisema inakata kiu. Shemeji yangu aliyekuja kutembea akasema ni juisi ya pasheni iliyolala nje, na akajaza tena. Kisheria nipo salama, huku tunaruhusiwa kupika mpaka lita 500 kwa mwaka bila kodi tangu 2024, zamani ilikuwa 200, alimradi huuzi. Kwa hiyo anayeniandikia kuniuliza bei tafadhali aje na chupa tupu na nyama ya kuchoma, hesabu tutamaliza mezani.

Nikipata ubuyu wa kutosha ya tano itakuwa ya ubuyu. Ule unga mkavu, sio wa rangi. Nadhani bakteria nitawasimamisha kwenye 3.6.

Kabla sijachemsha ile ya nne nilichota nusu chupa ya jemu ya woti chachu, yenye bakteria wazima, nikaiweka friji ili nisinunue tena vidonge. Nikaandika juu yake USIMWAGE kwa Kiswahili na Kijerumani. Juzi nimefungua friji nakuta imepungua, imebaki vidole viwili. Nikaanza kupayuka nani kamwaga, nani kaosha, mke wangu akanionyesha kwa kidevu pale juu ya hita ya chumbani, kuna sufuria imefunikwa na khanga. Uji wa mahindi, kimea cha ulezi alicholetewa na dada yake, na kikombe cha kwangu.

"Nimekubakizia," akasema.

Jana asubuhi tumeinywa. Ilikuwa imechachuka vizuri kwa usiku mmoja tu, na sikuipima.